Mlango wa Mkwe

Mimi ni bibi wa michembe. Ukifika huku machimboni, upande wa Geita, kwenye mtaa wa nyumba za mabati ulioshikana na karasha za kusaga mawe, huna haja ya kuuliza sana. Sema tu bibi wa michembe, utaletwa mpaka mlangoni. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vinalia kama vigae. Ukivichemsha ukavichanganya na karanga za kutwanga, mchimbaji anakula asubuhi anashuka duarani, shimoni huko, na mpaka anapandishwa jioni tumbo halijamsumbua.

Shule niliishia darasa la nne. Naandika polepole na herufi zangu ni kubwa, lakini naandika mwenyewe. Majina ya watu sitayaweka. Si kwamba nimeyasahau. Kwangu jina likiingia halitoki. Ninayo ya wateja wangu wote tangu nikiwa Shinyanga mjini, na ya watoto wao, na ya baba zao waliokufa bila mimi kuwaona hata siku moja. Nayaacha kwa sababu wengi wanapita hapa nje kila siku, na yule ninayetaka kumsema zaidi analala chumba cha pili, ukuta mmoja na mimi. Nikikohoa ananiambia pole.

Basi nianze na huyo, maana ndiye anayenikereketa.

Alikuja kutoka Ushirombo na mtoto mgongoni na begi moja. Mume alikuwa amemtangulia kutafuta dhahabu, na yeye alipofika akakuta mume ameshahamia machimbo mengine. Msichana mzuri, Mkatoliki wa kusali rozari kwa sauti, cheko lake linaingia ndani kabla yake. Aliniita bibi, nami nikamwita mke mwenzangu, utani wa kawaida wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu, umeamkaje?"

"Salama, bibi. Mume wetu kalala wapi?"

Tunacheka. Nikamhurumia, nikamfundisha kazi yangu. Nani alinituma, mpaka leo sijui.

Kazi yenyewe mimi nilijifunzia Ngokolo, mtaa wa Shinyanga mjini, baada ya mzee wangu kufariki. Asubuhi Ngokolo, jua likipanda navuka kwenda Kambarage, beseni kichwani. Watu wakiona beseni wanadhani hapo ndipo kazi inapoanza. Kwangu inaanza kabla, mikono ikiwa mitupu. Kila siku ya Mungu, nikishakunywa uji, natoka bila mzigo kwenda kwenye milango nisiyoijua. Hodi. Mwangaluka. Kama si Msukuma namwamkia kwa Kiswahili. Namuuliza jina, kwao wapi, yeye mtoto wa nani, hapo anaishi na nani. Michembe siitaji kabisa. Nikiambiwa karibu naketi kidogo, nikiambiwa tuna kazi naaga. Kesho yake nikipita namwita kwa jina nikiwa bado njiani, namuulizia na mtoto wake. Mtu aliye mbali na kwao akisikia jina la baba yake asubuhi, lazima ageuke. Siku nitakayopita na beseni, yeye ndiye atakayeniuliza, "Bibi, leo umebeba nini?"

Na nafanya hivyo hata kama jana nimemaliza mzigo wote. Hata kama nina wateja wa kutosha. Hasa kama nina wateja wa kutosha. Shinyanga mjini ungeweza kulegea. Mwalimu ni yuleyule, nesi ni yuleyule, anahama baada ya miaka. Huku machimboni ikisikika kuna rashi mahali, kwamba dhahabu imeonekana pori fulani, safu nzima ya nyumba inang'oa mabati yake na kupakia kwenye fuso. Jana ulikuwa na mtaa, leo una matundu ya nguzo. Nimeona akina mama wauza maandazi waliokuwa na wateja wa kugombania, wakaamka asubuhi wakakuta wamebaki na mbuzi. Wao walikuwa hawabishi hodi tena, walikuwa wanangoja kufuatwa.

Hayo yote nilimpa mke mwenzangu. Nilitembea naye. Nilimwonyesha namna ya kusimama pembeni ya mlango, si mbele yake, ili mwenye nyumba asijione amezibiwa njia. Nikamgawia upande wa chini, karibu na karasha, mimi nikabaki na upande wa juu.

Akashika. Akashika mpaka nikajuta. Magoti yake ni mapya, yangu yanalia kila nikiinuka. Anazunguka upande wake wote na bado jua halijawa kali. Tena ana simu. Anapiga picha michembe yake, anawatumia watu, wanampigia. Michembe yake ni myeusi kidogo, anaanika kwenye turubai, wakati mimi naagiza ya kuanikwa juu ya mwamba huko nyumbani. Hawaoni tofauti. Au wanaiona, ila wanataka lile cheko. Nikapita upande wangu mwenyewe, kwenye mlango niliouzoea, kwa mama mmoja ambaye jina lake na la mama mkwe wake ninalo, akaniambia, "Aa bibi, leo nimeshanunua kwa mjukuu wako. Alipita mapema."

Mjukuu wangu! Nikasema, "Ahsante, mwanangu, hakuna neno," nikaendelea na safari, moyo unawaka kama nimemeza pilipili.

Jioni nilikuwa nasikiliza ukutani. Nilitaka kujua beseni lake likiwekwa chini linatoa sauti gani. Likiwa na mzigo linatua taratibu, linanyamaza. La kwake lilikuwa linalia pwaa, tupu, kila siku. Halafu anaanza kumwimbia mtoto. Wivu nilikuwa nao, sitaki kuupaka sukari. Nilikuwa naomba mvua imkute turubai likiwa wazi. Mvua ya kiangazi, hebu fikiria mtu mzima anaomba hivyo.

Kijana wangu, huyu aliyenileta huku, anafanya kazi kwenye karasha. Aliona beseni langu linarudi na mzigo. Siku moja tukila akasema, "Mama, sasa basi. Kaa nyumbani, nitakulisha."

"Nimekwambia nina njaa?"

"Watu wananisema. Wanasema namtembeza mama juani."

"Waambie najitembeza."

Akacheka, kisha akawa makini. "Tufanye hivi. Ukipata mteja mmoja wa kueleweka, wa kununua mzigo mzima kila wiki, endelea. Usipopata mpaka msimu wa michembe unaisha, unapumzika. Mimi ndiye nitakayekwenda kuwaambia hao wa nyumbani wasilete tena viroba."

Nikakusanya sahani. Nilimjua baba yake; alikuwa akishasema hivyo amesema, na huyu ni yeye mtupu. Usiku ule nililala nikijiona nimekalishwa kwenye kigoda, nachambua mchele wa watu wengine, nasikia hodi za mwenzangu zikipita nje.

Ndipo ikaja ile kambi. Ng'ambo ya bonde walizungushia bati eneo kubwa, wakachimba maduara yao, wakaleta vijana wengi na jiko moja la kuwapikia wote. Jiko moja! Kwa mtu kama mimi hiyo ni milango mingi chini ya hodi moja. Nikajua mke mwenzangu naye kashaona, maana alinyamaza. Yeye akiwa na jambo hacheki.

Nikaenda kama ninavyokwenda. Siku ya kwanza mikono mitupu, nikamwamkia mpishi. Mwanamke mnene wa Bukombe, mkali wa mdomo.

"Bibi, huku hatutoi msaada."

"Sijaomba. Nimekuja kukusalimia tu, mgeni wetu. Kwenu Bukombe sehemu gani?"

Akaniangalia. "Umejuaje Bukombe?"

"Unavyoongea."

Akasonya, lakini akasogeza ndoo nikakalia. Nikarudi tena, nikamwita kwa jina, nikamuulizia mwanawe anayesoma bweni. Mara nyingine akanipa chai. Akaniambia michembe angeipenda, vijana wanalalamika ugali asubuhi unawalaza, ila mwenye kuamua manunuzi ni msimamizi wa kambi, na huyo yuko safarini, atafika Jumatatu.

Hapo ndipo ninapojipiga kifua. Mimi siondoki mlangoni bila jina la mwenye nyumba, sijawahi. Nilikuwa nimefungua mdomo kumuuliza huyo msimamizi anaitwa nani, mtoto wa nani, kwao wapi. Nikatupa jicho bondeni nikaona kitenge cha njano kinapanda, mtoto mgongoni. Mke mwenzangu, mikono mitupu, anakuja kumwamkia mpishi kama nilivyomfundisha. Nikainuka haraka nikapita njia ya nyuma ili asinione nimekaa pale akajua kwamba nami najua. Swali likabaki kwenye ulimi.

Jumatatu nilijaza beseni michembe myeupe ya kuchagua, juu nikaweka karanga. Nikafika kambini. Vijana walikuwa wamekaa kwenye viroba vya mawe wanangoja zamu ya kushuka. Mpishi akaniita, "Njoo bibi, bosi yuko hapa hapa." Nikaingia getini, nikasikia mtu anakohoa na kusema, "Nani huyo?"

Sauti ile naijua. Nimeisikia kwangu siku ya mahari, kutoka nyuma ya nyumba, maana mbele yake sikukaa. Alikuwa mume wa binti yangu.

Kwa asiyejua desturi zetu Wasukuma nimweleze. Mama na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, mmoja akimwona mwenzake njiani anaacha njia. Ni heshima, kubwa kuliko zote. Hata jina lake sitamki, na binti yangu akinipigia simu simuulizi mumewe anafanya kazi wapi. Naulizia "watu wa huko", anajibu "wazima", tunaendelea. Vijana wa mjini siku hizi wanakaa sebule moja na wakwe zao wanaangalia mpira. Sisi bado hatujafika huko.

Basi nikatupa kanga usoni, nikageuka na beseni langu, nikakimbilia nyuma ya tenki la maji. Nikakimbia kweli, magoti yale yale. Na yeye, mtu mzima na kofia ya chuma kichwani, nikasikia ameruka viroba vya mawe akajibanza upande wa pili. Wachimbaji wakafa kwa kicheko.

"Bosi, umeona nyoka?"

"Huyo ni bibi wa michembe, haumi!"

"Nyamazeni!" akawakemea kutoka mafichoni. "Huyo ni mama yangu. Mama mkwe."

Wasukuma waliokuwepo wakanyamaza mara moja. Wengine wakaendelea kucheka, na katikati ya kicheko hicho mke mwenzangu akaingia na beseni lake.

"Hodi jamani, mbona kama mnacheza kombolela?"

Mpishi akamweleza. Basi akasimama katikati, mimi nyuma ya tenki, mkwe nyuma ya viroba, akawa ndiye mdomo wetu.

"Mwambie mama shikamoo," ikasema sauti.

"Bibi, shikamoo yako hii hapa."

"Mwambie marahaba. Watoto hawajambo?"

"Anauliza watoto."

"Hawajambo. Mwambie anisamehe, sikujua anaishi huku."

"Mwambie hata mimi sikujua yeye ndiye bosi."

Yakaisha ya salamu. Halafu mkwe akamuuliza mwenzangu, kwa sauti nyingine kabisa, ya kiume na ya kazini, "Na wewe umeleta nini?"

"Michembe, bosi. Michembe ya nguvu."

"Lete nione." Nikasikia kipande kinavunjwa. "Hii nyeusi. Umeanika wapi, jikoni?"

"Juani, bosi. Nyeusi ndiyo tamu."

"Ina mchanga."

"Mchanga uko kwenye meno yako, umetoka nao shimoni."

Vijana wakashangilia. Mwenzangu akamtajia bei ya sado, kile kikopo cha kupimia, mkwe akamwambia nusu yake. Mwenzangu akasema hapana, afadhali akawape mbuzi. Mkwe akamwambia basi wape. Yule msichana akachukua beseni akaondoka mpaka getini, akaitwa, akarudi. Mkwe akamkataa tena. Akamwambia ana michembe ya kiangazi kilichopita. Mwenzangu akaapa kwa Bikira Maria. Na mimi nyuma ya tenki nimeshikilia kanga yangu, kila neno la kujibu ninalo, nalijua kabla yake. Pale aliposema "nyeusi ndiyo tamu" alikosea. Unasema, vunja kingine, angalia ndani. Nilitamani kutoka pale nimsukume pembeni niseme mimi. Mwishoni wakakubaliana, bei mbaya kidogo, michembe ikapimwa, nikasikia beseni lake. Pwaa.

Ikaja zamu yangu. Sauti ya mkwe ikashuka, ikawa laini kama ya mtu anayeongea kanisani.

"Mwambie mama, michembe yake yote naichukua. Na kila wiki naichukua. Bei aseme yeye mwenyewe, mimi sina la kusema. Na asitembee juani tena, nitatuma bodaboda nyumbani kwake kuifuata."

Mpishi akapiga makofi. "Bibi, umeula!"

Mwenzangu akaja mpaka kwenye tenki, macho yamemtoka. "Bibi, umesikia? Hajaiangalia hata!"

Nilikuwa nimesikia. Hajaiangalia hata. Ile myeupe ya mwambani, ya kuchagua kimoja kimoja, hakuna aliyeivunja. Kama ningekuwa nimeleta mawe angeyanunua, na bei ningesema mimi. Nilimtazama yule msichana, jasho linamtoka, bei amepunjwa, ametukanwa mbele ya wanaume, mtoto analia mgongoni, nikamwonea wivu kuliko siku zote. Yeye alikuwa ameuza. Mimi nilikuwa nalelewa. Mteja wa mzigo mzima kila wiki nimempata, kama kijana wangu alivyotaka, na hapo hapo nimekalishwa kwenye kigoda.

Nikasema, "Mwambie mkwe simuuzii."

"Bibi!"

"Mwambie hivyo hivyo. Mkwe hauziwi, mkwe anapewa." Nikachota sado iliyojaa ikafura juu, na karanga. "Mpelekee. Mwambie hii ni ya kwake, ale. Iliyobaki ina wenyewe."

Uongo, haikuwa na mwenyewe.

Nikasikia sado inapokelewa nyuma ya viroba. Kisha akasema, "Mwambie mama, nimepokea. Ahsante sana, mayu." Mayu kwetu ni mama. Hakubisha. Na asingeweza kubisha. Mimi ni mkwewe.

Kwenye njia ya kurudi mwenzangu alitembea nyuma yangu, beseni tupu mkononi. Bondeni akashindwa kuvumilia.

"Bibi, umekataa hela za bure?"

"Wewe amekukataa mara ngapi leo?"

"Weee! Yule mwanaume ana roho ngumu. Sijui mara nne, sijui tano."

"Ilikuwa tamu?"

"Tamu nini? Nilitaka kumpasua na beseni."

"Basi nipe mimi."

Akadhani ni utani wetu wa siku zote, akacheka lile cheko lake. Nikamwacha acheke. Kambi ikawa yake toka siku ile, mpaka leo ni yake, na bodaboda iliyokuwa itumwe kwangu inamchukua yeye. Nikiisikia inapiga honi asubuhi nageuza uso.

Kijana wangu alipopata habari alikuja anapumua kwa nguvu. "Mama, umempata mteja wa mzigo mzima ukamkataa?"

"Yule si mteja. Ni shemeji yako."

"Sasa?"

"Sasa wewe ungeweza kwenda kumwambia mama mkwe wako michembe yake ni ghali?"

Akafikiri. Akamfikiria mama mkwe wake, ambaye naye anamkimbia njiani. Akakuna kichwa. "Siwezi."

"Basi niache nikatafute wa kuniambia."

Hakuniambia ndiyo, lakini viroba kutoka nyumbani havikuzuiwa.

Asubuhi yake nilikunywa uji nikatoka mikono mitupu, nikapita kule nyuma ya karasha ambako kulikuwa na safu mpya ya nyumba, wahamiaji wa rashi ya juzi. Nimekuwa naenda huko kila siku. Kuna nyumba ya mwisho, ya mwanamke mmoja mrefu, mke wa fundi wa mashine, asiyecheka na mtu. Nilimwamkia, nikamwamkia tena, siku ikafika akaniuliza nimebeba nini. Nikashusha beseni. Akachukua kipande akakivunja, akakiangalia ndani, akakinusa, akakigonga mlangoni.

"Bibi, hii imekauka kupita kiasi. Imekauka kama wewe."

"Ndiyo maana haiozi, mwanangu. Kama mimi."

"Sado shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Unaota."

"Naota nini? Vunja kingine."

Akavunja kingine. Akasema ni midogo. Akasema kuna msichana mmoja mwenye mtoto anauza nyeusi kwa bei ya chini, tena ana maneno mazuri. Kichomi kilinipita mbavuni palepale, nikasema, basi nenda kanunue nyeusi. Akaniambia bibi una kiburi. Nikamwambia na wewe una mikono mirefu, utanimalizia michembe kwa kuonja. Akataja bei yake, nikakataa, nikainua beseni. Akaniacha nifike mpaka kwenye kamba ya nguo.

"We bibi! Rudi hapa, hatujamaliza."

Nikarudi, nikashusha beseni, nikaketi kizingitini, nikanyoosha miguu. Jua lilikuwa bado changa, na yule mwanamke alikuwa ameshashika kiuno.